Contra, kilobaiti 2, na wiki mbili za masika nilizopoteza Lupiro

Kibaoni, hapa Ifakara, kulikuwa na kibanda umiza ambacho jioni kilionyesha mpira na sinema za mapigano, ila asubuhi kilikuwa chetu sisi watoto. TV ya chogo moja, mashine ya gemu ya Kichina, padi mbili, na moja kati ya hizo kitufe cha B kilishakufa zamani. Shilingi 50 unapata maisha matatu. Kaseti ilikuwa imeandikwa kwamba ina gemu 9999999, jambo ambalo hata darasa la pili tulijua ni uongo: ukishuka chini ya orodha unakuta gemu zilezile saba au nane zimepewa majina mapya. Hatukujali. Tulichokuwa tunataka ni moja tu, Contra.

Kwa aliyeikosa: wanaume wawili wenye misuli, mmoja suruali ya bluu na mwingine nyekundu, wanakimbia kwenda kulia wakipiga risasi. Konami waliitoa kwanza mwaka 1987 kwa mashine kubwa za sarafu, na mwaka 1988 ikaingia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo. Sisi Nintendo yenyewe hatukuwahi kuiona. Tulichokuwa nacho ni nakala yake, chipu moja iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi, iliyofanya kazi ya mashine iliyozinduliwa Japani mwaka 1983. Na ndiyo, tulikuwa tunaijua ile siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unapata maisha 30. Mwenye kibanda alikuwa anatuwekea mkono kwenye padi mpaka gemu ianze, maana maisha 30 kwa shilingi 50 ni hasara. (Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto, kwa ajili ya gemu nyingine, Gradius, kwa sababu yeye mwenyewe ilimshinda wakati wa kuijaribu.)

Sasa kwa nini naandika haya kwenye blogu ya sayansi? Kwa sababu mwaka jana nilipoteza wiki mbili za data, na kosa langu lilikuwa kutoelewa kitu ambacho Contra ilikuwa inakifanya mbele ya macho yangu nikiwa na miaka tisa.

Kazi yangu ni mbu wa malaria. Nilitaka kujua joto na unyevu ndani ya nyumba za bati na za nyasi kule Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, msimu wa masika. Joto ndilo linaloamua vimelea vitachukua siku ngapi kukomaa ndani ya mbu, na unyevu unagusa umri wa mbu mwenyewe. Vifaa vya dukani ni ghali, nikatengeneza vyangu kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo wanayoipenda wanafunzi. Kila baada ya dakika 30 kinapima, kinahifadhi kipimo kwenye kumbukumbu, na saa sita usiku kinaandika vipimo vyote vya siku kwenye kadi. Nilikijaribu mezani siku tatu, kikafanya kazi safi.

Kisha msimamizi wangu akashauri tupime kila dakika 10. Ushauri mzuri tu. Nikabadilisha namba moja kwenye programu, kompyuta ikanipa onyo kwamba kumbukumbu iliyobaki ni ndogo, nikalipuuza, nikapanda pikipiki.

Baada ya siku kama kumi nilipita kusalimia. Mama mwenye nyumba ya kwanza akaniuliza, "Mwanangu, kile kidude chako kinawaka kijani tu usiku kucha, kinafanya kazi kweli?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, kinafanya." Nilipotoa kadi wiki mbili zilipotimia, mafaili yalikuwa matupu, moja lina nusu mstari wa herufi zisizoeleweka. Nyumba zote. Masika hayarudiwi, inabidi usubiri mwaka mzima.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, ndiyo maana inauma. Kipimo kimoja kilichukua baiti 8. Kila dakika 30 ni vipimo 48 kwa siku, yaani baiti 384. Kila dakika 10 ni vipimo 144, yaani baiti 1152. Programu ya kuandika kwenye kadi nayo inataka meza yake ya baiti 512. Jumla 1664, na bodi nzima ina baiti 2048 tu, kilobaiti 2. Zilizobaki 384 zilitakiwa kutosha kila kitu kingine. Hazikutosha. Kila saa sita usiku, kifaa kilipoanza kuandika, kazi zikakanyagana kwenye kumbukumbu, kikajizima na kujiwasha upya, na vipimo vya siku nzima vikapotea. Taa ya kijani ikaendelea kuwaka.

Nikiwa nanung'unika, mwenzangu wa ofisini akaniambia kilobaiti 2 ndizo zilizokuwa kwenye mashine ya Contra. Nilibisha. Nikaenda kusoma, na ni kweli: kumbukumbu ya kazi kilobaiti 2, na nyingine 2 za kupangia picha. Basi. Na ndani ya hizo wanaume wawili wanakimbia msitu mzima!

Skrini ile ina nukta 256 kwa 240, yaani nukta 61,440. Hata ukiipa kila nukta robo ya baiti, unahitaji baiti 15,360. Haiingii. Kwa hiyo mashine haihifadhi picha. Inahifadhi vigae, vipande vidogo vya nukta 8 kwa 8: kipande cha jani, cha mwamba, cha maji. Skrini ni safu 32 za vigae kwa mistari 30, kwa hiyo kinachowekwa ni namba 960 tu zinazosema kigae gani kikae wapi, pamoja na baiti 64 za rangi. Ukiangalia msitu wa Contra vizuri utaona mti uleule unajirudia kama kitenge.

Lakini msitu ni mrefu kuliko skrini, na hapa ndipo nilipokuna kichwa. Kumbukumbu ya picha inatosha skrini mbili tu zikiwa ubavuni mwa nyingine, safu 64. Tunachokiona ni dirisha la safu 32 linaloteleza juu yake. Unapokimbia kulia, mashine haisogezi kitu chochote, inabadilisha tu namba inayosema dirisha linaanzia wapi. Wakati huohuo inachora safu mpya mbele, pale macho hayajafika, juu ya safu ya zamani uliyokwisha kuipita. Dirisha likifika safu ya mwisho linarudi ya kwanza, ambayo sasa imeshachorwa upya. Msitu ni duara. Uchoraji wenyewe unafanyika katika ule muda mfupi ambapo mwale wa TV unapanda kutoka chini kurudi juu, mara 50 kwa sekunde kwa TV zetu.

Ndiyo sababu ukutani kushoto hurudi nyuma? Si lazima. Gemu nyingine zilirudi, zikachora upya upande ule. Contra iliamua kusahau, na kusahau ni rahisi.

Hata kule kumeta tulikokudhani ni ubovu wa waya kuna maelezo. Vitu vinavyotembea, watu na risasi, vinachorwa kando, na mashine inaweza kuonyesha vipande 8 tu kwenye mstari mmoja wa TV. Ukiokota ile herufi S, risasi zikatapakaa, vipande vinazidi 8. Programu inavipokeza zamu, picha hii wanaonekana hawa, ijayo wale. Sisi tulikuwa tunampiga TV makofi.

Nikarudi kwenye kifaa changu. Badala ya kuweka siku nzima, nikakipa viti 16, baiti 128 tu. Kipimo cha 17 kinarudi kukaa kiti cha kwanza. Kila viti 8 vikijaa, vinaandikwa kwenye kadi huku vingine 8 vikiwa wazi kupokea vipya, yaani kila dakika 80. Kikizimika, nimepoteza kama saa moja na ushee, si siku. Na safari hii nilikiacha mezani wiki tatu, nikikizima na kukiwasha makusudi.

Masika ya mwaka huu vifaa vyote vya Lupiro vilirudi na data, isipokuwa kimoja ambacho sisimizi walihamia ndani ya boksi na kuziba kipima unyevu. Kwa yule mama nilianza na shikamoo, kisha nikatoa kadi palepale mbele yake na kumwonyesha namba kwenye kompyuta. Aliangalia safu ya joto la saa nane mchana chini ya bati lake, 38, 39, akasema hilo angeniambia bure.