Kwa Nini Umeme Husafirishwa kwa Msongo Mkubwa?

Wananchi wanaoishi kando ya njia kuu za umeme huuliza swali la haki: yawezekanaje nyaya nene zipite karibu na mashamba yao, nao waendelee kuwasha vibatari? Jibu limo katika kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huisoma darasani.

Vituo vya umeme wa maji vya Kidatu (megawati 204), Kihansi (megawati 180) na Mtera (megawati 80) nchini Tanzania viko mbali na miji na migodi ya Kanda ya Ziwa. Umeme wake hauna budi kusafiri mamia ya kilometa, na kila waya una ukinzani unaogeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Upotevu huo hulingana na kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa maradufu, upotevu huwa mara nne.

Nguvu ya umeme ni zao la msongo na mkondo. Kwa hiyo msongo ukiongezwa, mkondo unaohitajika hupungua. Tuchukue megawati 100, kwa hesabu nyepesi ya jozi moja ya nyaya. Kwa kilovolti 220, mkondo ni ampea 455 hivi. Kwa kilovolti 400, ni ampea 250 tu. Katika nyaya zilezile, upotevu hushuka hadi asilimia 30 hivi ya ule wa kwanza. Ndiyo maana laini ya Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilometa 670 hivi, ilisanifiwa kwa kilovolti 400, ijapokuwa tayari palikuwapo ile ya kilovolti 220.

Msongo huo una gharama zake. Nyaya huning'inizwa kwenye minara mirefu ya chuma kwa vihami vya kaure au kioo, na ukanda wa ardhi chini yake huachwa bila nyumba wala miti mirefu. Wenye ardhi hiyo hustahili fidia.

Taa ya nyumbani, hata hivyo, yahitaji volti 230 tu. Kushusha msongo kutoka volti 400,000 kwahitaji kituo cha kupoza umeme chenye transfoma kubwa za bei ghali, nacho hakiwezi kujengwa katika kila kijiji. Kituoni msongo hushushwa kwa hatua hadi kilovolti 33, laini ndogo husambaza umeme, na transfoma ya kijijini humalizia kazi.

Basi kijiji kikiarifiwa kwamba laini kuu itapita, wanakijiji na waulize pia: kituo cha kupoza umeme kilicho karibu kiko wapi, na laini ya kilovolti 33 itatufikia lini?