Ala Zikilia, Kwaya Ikisema: Utangulizi wa Muziki wa Vita wa Kisovieti

Kusoma nota si sharti la kuingia humu. Masikio na subira vinatosha.

Wengi huanzia Leningrad, nami nakuelekeza huko huko. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na njaa ikaua watu mamia ya maelfu. Tarehe 9 Agosti 1942, humo humo ndani ya mzingiro, Karl Eliasberg aliongoza Simfoni ya Saba ya mtunzi Dmitri Shostakovich. Okestra yake ya redio ilikuwa imepukutika, ikabidi wapigaji waongezwe kutoka bendi za jeshi. Vipaza sauti viliupeleka muziki hadi mitaani. Sikiliza sehemu ya kwanza: ngoma ndogo inaanza kwa mbali, kijiwimbo chepesi kinarudiwa na kurudiwa, ala zikiongezeka kila mara, mpaka kilichodhaniwa mchezo kinageuka kishindo cha kutisha.

Dola iliipenda simfoni hiyo. Ya Nane, ya mwaka 1943, haikupendeza: ushindi ulikuwa unakaribia, nayo inaomboleza tu. Mwaka 1948 ilishutumiwa hadharani. Kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ala hazitaji majina. Aliyefiwa vitani na aliyenyang'anywa ndugu na polisi wa Stalin waliweza kulia pamoja ukumbini.

Kwaya haina stara hiyo, maana ina maneno. Katika Simfoni ya 13 ya Shostakovich, ya mwaka 1962, sauti nzito za wanaume zinaimba mashairi ya Yevgeny Yevtushenko, la kwanza likihusu Babi Yar, korongo la Kyiv ambako Wanazi waliwapiga risasi Wayahudi zaidi ya 33,000 kwa siku mbili, Septemba 1941. Wakubwa walitaka marehemu hao waitwe raia wa Kisovieti, basi. Muda si mrefu baada ya onyesho la kwanza, mistari kadhaa ilibadilishwa.

Kisha mtafute mtunzi Mieczysław Weinberg, aliyekimbia Warsaw mwaka 1939. Wazazi na dada yake aliowaacha nyuma waliuawa. Simfoni yake ya Sita, ya 1963, ina kwaya ya wavulana inayoimba juu ya watoto waliouawa. Wasomi wamechelewa kumfikia, na kazi zake ni nyingi mno. Hapo ndipo mwanafunzi mpya anapohitajika zaidi.