Mafutani zimezaliwa, majini zinatakiwa

Ukisimama kando ya mtu anayehamisha chembe za nano kutoka mafutani kwenda majini, utakachokiona ni kichupa cha kioo tu. Ndani mna tabaka mbili. Ya juu ni hekseni, kimiminika cha jamaa moja na petroli, nayo imekolea wekundu kama mafuta ya mawese. Ya chini ni maji matupu. Kichupa kinatikiswa, kinaachwa kitulie, kinatikiswa tena. Mambo yakienda sawa, baada ya saa kadhaa rangi imeteremka: juu hakuna kitu, chini maji yamekuwa mekundu na bado unaona ng'ambo. Mambo yakienda kombo, pale tabaka mbili zinapokutana hujikusanya utando kama ukoko, hauko juu wala chini, na kazi ya wiki nzima imeishia hapo.

Chembe zenyewe huitwa nukta za kwanta. Ni fuwele za kadimiamu na seleniamu, na upana wake ni nanomita 2 hadi 6 hivi. Unywele mmoja wa binadamu hufikia nanomita 80,000. Udogo huo una kioja chake: ukubwa ndio rangi. Zimulike kwa mwanga wa urujuani, na ndogo zitang'aa buluu, za kati kijani, kubwa nyekundu, ingawa zote ni za kitu kile kile. Kwa ajili ya nukta hizi Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Ekimov alizikuta ndani ya vioo vya rangi huko Urusi ya Kisovieti, Brus akazikuta ndani ya kimiminika nchini Marekani. Bawendi, ambaye baba yake alikuwa Mtunisia, ndiye aliyepata njia ya kuzipika zikatoka safi na za ukubwa mmoja. Hiyo ilikuwa 1993, katika chuo cha MIT, pamoja na wanafunzi wake Murray na Norris.

Nasema kuzipika kwa sababu ndivyo ilivyo. Kimiminika cha jamii ya mafuta huchemshwa hadi kwenye nyuzijoto 300, kisha malighafi hudungwa humo kwa sindano, kwa mkupuo mmoja. Fuwele huanza kuota papo hapo, na mpishi hutazama rangi ikigeuka kutoka njano hadi chungwa hadi nyekundu, akaepua pale anapoipata anayoitaka. Maji hayawezi kazi hii, maana kwenye nyuzijoto 100 yameshageuka mvuke. Na kila chembe hutoka jikoni ikiwa imevaa manyoya: vijiti vya molekuli ambavyo kichwa chake kimeng'ang'ania fuwele na mkia wake unapenda mafuta. Chembe za oksidi ya chuma, zinazopikwa kwa namna inayofanana na hiyo, mara nyingi huvishwa asidi ya oleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni.

Manyoya hayo ndiyo neema na ndiyo balaa. Bila hayo chembe zingegandamana zikawa tope. Kwa kuwa nayo, zinakaa mafutani miezi bila kushuka, lakini hazigusi maji. Anayetaka chembe zing'ae ndani ya televisheni hana shida, kwa sababu huko hazikutani na maji. Shida ni ya anayezitaka ndani ya seli, na seli ni maji, damu ni maji, mkojo ni maji.

Wapishi wa Pwani wanalijua tatizo hili bila kuingia maabara. Tui la kasimile ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, na kinachoyazuia yasiungane ni protini za nazi zilizoyazunguka. Lichemshe kwa pupa bila kukoroga kwa upawa, protini zile zinaharibika, matone yanaungana, na tui linakatika: mafuta juu, maji chini, vibonge katikati. Hata maabarani, anayeulizwa kazi yake imekwendaje angeweza kujibu kwa neno hilo moja: imekatika.

Jawabu la kwanza la kueleweka lilikuja Septemba 1998, na lilikuja mapacha. Jarida la Science lilichapisha makala mbili katika toleo moja. Timu ya Berkeley chini ya Paul Alivisatos ilizivika nukta gamba la silika, yaani mada ya mchanga na kioo, ikapaka seli za panya rangi mbili kwa mpigo. Huko Indiana, Warren Chan na Shuming Nie waliyavua manyoya ya zamani na kuvisha mapya: molekuli fupi yenye salfa upande mmoja, iliyoshika ganda la zinki na salfa lililoizunguka nukta, na asidi upande wa pili, inayopenda maji. Asidi hiyo ikiwa majini hubeba chaji hasi, kwa hiyo chembe husukumana kila zinaposogeleana.

Kubadilisha manyoya ni rahisi, ingawa molekuli zile za salfa zina uvundo usiosahaulika. Ubaya ni kwamba salfa moja haishiki kwa nguvu. Mwanga na hewa huilegeza, manyoya hudondoka, na baada ya siku au wiki kadhaa nukta zimelala chini ya kichupa. Wengine wakatumia molekuli yenye salfa mbili, kama mtu anayeshika kamba kwa mikono yote. Hali ikawa bora, lakini kuvua na kuvisha kuliendelea kupunguza mng'ao, kwa sababu uso wa fuwele hujeruhiwa kila unapoguswa.

Mwaka 2002 Benoit Dubertret na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, hawakuvua kitu. Waliziacha nukta na manyoya yake, wakazifungia ndani ya vifuko vya mafuta aina ya fosfolipidi ambavyo upande wa nje vina nyuzi ndefu za polima ipendayo maji. Mkia ukakutana na mkia, na nje kukabaki nyuzi tu. Kisha wakazidunga ndani ya kiinitete cha chura, zikaendelea kung'aa kadiri seli zilivyogawanyika, mpaka kiluwiluwi. Chura huyo ni Xenopus wa kusini mwa Afrika, na si mgeni wa maabara: kuanzia miaka ya 1930, madaktari walimdunga mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kesho yake, mwanamke ana mimba.

Nyuzi zile zilitatua jambo ambalo chaji peke yake haiwezi, nalo ni chumvi. Nenda delta ya Rufiji. Mto unafika pale umebeba udongo mwembamba kuliko vumbi, unaoelea kwa sababu kila punje ina chaji hasi. Maji ya bahari yanapoingia, chumvi yake inaizima chaji hiyo, punje zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Sehemu ya tope linaloilisha mikoko imetua hivyo. Bibi anayetia shabu au mbegu za mlonge zilizosagwa katika ndoo ya maji ya mto anafanya hicho hicho kwa makusudi. Chembe yenye chaji tu ikiingia kwenye damu, ambayo nayo ina chumvi, yaipata ya udongo wa Rufiji. Nyuzi za polima haziitegemei chaji. Zinachukua nafasi, basi, na chembe mbili hazipati pa kugusana.

Lakini nyuzi zinanenepesha. Mwaka 2007 watafiti waliodunga nukta kwenye panya walionyesha kuwa zinazozidi nanomita 5.5 hivi, pamoja na nguo zake majini, hazipiti vizuri kwenye figo, na kadimiamu ni sumu. Ukitaka chembe iwe imara, utaivika nguo nzito. Ukitaka itoke kwa mkojo, utaipunguzia, hata kwa asidi ndogo ya amino kama sisteini. Kwangu mimi hapa ndipo ugumu wote ulipo, na ndipo nukta za kwanta zimekwama mlangoni pa hospitali, ingawa mapishi yake yamepata Nobel.

Dhahabu imepita mlango huo kwa kuwa mara nyingi hupikwa majini tangu mwanzo, haihitaji kuhamishwa. Kichukue kipimo cha haraka cha malaria katika zahanati yoyote. Kwenye vingi, chembe za dhahabu, zimevishwa kingamwili na kukaushwa pamoja na sukari kidogo, zimelala kwenye pedi, pengine mwaka mzima, kwenye joto la stoo. Mhudumu anadondosha tone la damu, anafuatisha matone ya dawa, anatazama saa. Chembe zinalowa, zinaachana moja moja, zinaanza kupanda karatasi, na baada ya dakika 15 hivi mstari mwekundu unatokea.