Mieleka ya Ulingoni kama Sanaa ya Maonyesho: Kumbukumbu za Shabiki wa Mlolongo

Mji wa Mlolongo, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Mombasa katika Kaunti ya Machakos, ulipata jina lake kutokana na misururu ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzani. (Kwa Mkenya aliyeshuhudia uchaguzi wa mwaka 1988, wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, neno hilo lina uchungu mwingine, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.) Palipo na foleni hapakosi watu wanaosubiri, na palipo na watu wanaosubiri hapakosi wa kuwauzia chai, mahindi ya kuchoma na burudani. Katika miaka ya 1990, burudani ya miji ya barabarani kama huu ilikuwa kibanda cha video: kuta za mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni na runinga moja iliyoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone. Filamu za karate ndizo zilizotawala humo, lakini kulikuwa pia na kanda za mieleka ya Marekani, na zilipowekwa hizo, mabenchi hayakukaliwa tena.

Makala haya yanamhusu shabiki aliyelelewa na vibanda vya namna hiyo, ambaye leo ni mtu mzima na ambaye kila anapoitaja mieleka hukatizwa na swali lile lile: kwani hujui kwamba ni maigizo? Swali hilo humkera, na ana haki ya kukereka, maana linamfanya mjinga. Anajua. Aghalabu alijua tangu akiwa mtoto. Analolikumbuka kwa nadra ni nani aliyeshinda. Anachokikumbuka ni namna chumba kizima kilivyosimama kabla ya pigo kutua, na yule mzee aliyekuwa akimtukana refa wa Marekani kwa Kikamba. Hoja ya makala ni kwamba kumbukumbu hizo ni kumbukumbu za sanaa ya maonyesho, na kwamba mwanafunzi wa fasihi simulizi ana zana za kuzichambua kuliko mwandishi wa habari za michezo.

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Kamusi huandika mweleka, wingi mieleka, ingawa nchini Kenya miereka nayo husikika na kuandikwa. Mtu aangukaye kwa kishindo husemwa kuwa amekula mweleka, hata kama kilichomwangusha ni ganda la ndizi. Magazeti yetu nayo hayajui kuripoti matokeo ya uchaguzi pasipo mmoja kumbwaga au kumgaragaza mwenzake. Ulingo, ambao sasa ni mahali pa ndondi na mieleka, ni jukwaa la shambani ambalo mtu hupanda ili kuwafukuza ndege waharibifu. Hivyo lugha ilikuwa tayari na jukwaa kabla ya kuwa na wapiganaji wa kulipanda.

Tofauti ya msingi ni hii. Katika mieleka ya Olimpiki, kama ilivyo katika mieleka ya jadi ya jamii nyingi za Afrika, mshindi hajulikani hadi pambano liishe. Katika mieleka ya kulipwa mshindi huamuliwa kabla, na kazi ya wapiganaji ni kuifikia tamati hiyo kwa njia itakayoisisimua hadhira. Siri hiyo ililindwa kwa miongo mingi. Ilitobolewa na wenyewe mnamo Februari 1989, wakati kampuni ya WWF ilipokiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani, ili isisimamiwe na tume ya michezo ya jimbo hilo. Yaani kilichoitoa siri hiyo ni gharama, si dhamiri. (Kampuni hiyo ilijiita WWF hadi mwaka 2002, ilipobadilisha jina kuwa WWE kufuatia kesi iliyofunguliwa na shirika la kuhifadhi mazingira lenye herufi hizo hizo.)

Hata hivyo, kusema kwamba mwisho umepangwa si kusema kwamba mwili hauumii. Anayeinuliwa juu ya kichwa cha mwenzake sharti aruke kidogo ili asaidie kuinuliwa. Anayeangushwa hutua kwa mgongo mzima, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani na mikono ikipiga sakafu, ili uzito usambae badala ya kuishia shingoni. Sakafu yenyewe ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma na kufunikwa godoro jembamba, na mbao hizo ndizo zinazotoa ule mlio wa radi. Kofi la kifuani ni kofi la kifuani, halina siri. Refa, ambaye mtazamaji humwona kama kipofu wa kukodiwa, mara nyingi ndiye mjumbe anayepeleka maneno kati ya wapiganaji. Kwa ufupi, wawili wanaoonekana kuuana wanashirikiana kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja akiwa ameikabidhi shingo yake kwa mwenzake.

Je, hili ni geni kwa Waswahili? Huko Lamu kuna mchezo wa kirumbizi. Wanaume wawili huingia katikati ya duara wakiwa na fimbo, ngoma ikilia, na kila mmoja hutafuta mwanya wa kumgusa mwenzake kwa madaha. Apigaye kwa nia ya kujeruhi ameuharibu mchezo. Mtazamaji wa kirumbizi halalamiki kwamba hakuona vita vya kweli, kwa kuwa hakwenda kutazama vita. Mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes alisema jambo linalokaribiana na hili katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, kinachofunguliwa kwa insha kuhusu mieleka katika kumbi hafifu za Paris. Kwa maoni yake, mieleka si mchezo wa riadha bali ni tamasha, na hadhira haishughuliki kuuliza iwapo pambano ni la kweli. Inataka kuuona uchungu, haki na uovu vikiwa vimekuzwa kiasi cha kusomeka na aliyeketi benchi la mwisho.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atavitambua upesi vipera vinavyohusika. Kabla ya pambano, mpiganaji hushika kipaza sauti na kujisifu: atamfanyia nini mpinzani, wapi na mbele ya nani. Hayo ni majigambo, isipokuwa tu kwamba mtambaji wa kivugo wa jadi hujisifia ushindi aliokwisha kuupata vitani ilhali huyu hujisifia ushindi ambao pengine amekwisha kuambiwa kwamba hataupata. Kuna jagina na kuna jahili, na hadhira huwatambua kwa maleba kabla hawajatamka neno. Tena kuna lakabu, na hapa ndipo shabiki wa Afrika Mashariki anapopaswa kusimama kidogo, kwa maana lakabu mbili kati ya hizo zilimhusu yeye.

Ya kwanza ni Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu la Uganda. Aliingia ulingoni miguu mitupu, kiunoni amefunga vazi la madoa ya chui, uso na tumbo vimepakwa rangi, akijipiga tumbo na kuguna. Hakuzungumza. Aliongozwa na mtu aliyefunika uso na kuvaa kofia ya msafara wa kikoloni. Kwa kweli Kamala alikuwa James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi, na mhusika huyo alibuniwa mwaka 1982 kwa ajili ya mieleka ya mtaani huko Memphis, wakati kumbukumbu ya Idi Amin ingali mbichi katika vichwa vya Wamarekani. Mwaka 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, na baadaye mwaka huo huo katika pambano ambalo ashindwaye hufungiwa ndani ya jeneza. Alifungiwa. Baada ya kuachana na WWF aliendesha malori kwa muda, kazi ambayo kila mkazi wa Mlolongo anaielewa. Kisukari kilimpokonya miguu yote miwili, na alifariki mwezi Agosti 2020.

Ya pili ni Saba Simba. Mwaka 1990 WWF ilimchukua Tony Atlas, mpiganaji wa Virginia aliyejulikana kwa miaka mingi, ikampa mkuki, ngao na taji la manyoya, ikamtangaza kuwa shujaa wa Kiafrika. Mtangazaji Roddy Piper alishindwa kujizuia. Alimtambua papo hapo mbele ya watazamaji na kucheka. Wenye Kiswahili chao wana sababu ya ziada ya kucheka: idadi hufuata nomino, hivyo simba saba ni wanyama saba, ilhali saba simba si chochote. Lakini kicheko hicho kina kiini kichungu. Kwa mara ya kwanza lugha yetu ilipanda ulingo mkubwa kuliko wote duniani, na aliyeipandisha hakuona haja ya kumwuliza hata mzungumzaji mmoja.

Kijana aliyeketi katika kibanda cha video alizipokeaje taswira hizo? Hapa kumbukumbu ni hazina kuliko kanda. Kanda inamwonyesha Kamala akiguna. Haionyeshi kilichosemwa juu ya mguno ule. Vibanda vya Kenya vilikuwa na utamaduni wa mtu kusimama na kusimulia picha ikiendelea, utamaduni ambao DJ Afro aliufanya maarufu nchini kwa kufasiri filamu kwa Kiswahili cha mitaani chenye utani mwingi. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina wasimulizi wake kwa Kiluganda. Msimulizi wa namna hii hafungwi na asili. Anaweza kumpa aliyenyamazishwa maneno, akamfanya jitu la Uganda kuwa makanga anayedai nauli, naye refa akawa askari wa barabarani anayetazama kando. Wapiganaji walikuwa wamerekodiwa, walikuwa mbali, na huenda pambano lilikuwa la miaka mitatu nyuma. Kilichokuwa hai ni ukumbi: fanani alikuwa yule msimulizi, na hadhira ilimjibu, ikambishia, ikamsahihisha. Yule shabiki anaposema kwamba aliona mieleka ana kwa ana akiwa mtoto, hasemi uongo. Alichokiona ana kwa ana ni hicho. Na hicho hakikuhifadhiwa mahali popote isipokuwa vichwani mwa watu ambao waliokuwa na miaka kumi na mitano wakati ule sasa wanakaribia au wamevuka hamsini.

Mieleka hai ya wapiganaji wenyewe haikukosekana katika ukanda huu, ila ilikuwa upande wa magharibi. Kinshasa ina mieleka yake ya mitaani, inayoitwa catch kwa jina lililokuja kupitia Kifaransa. Wapiganaji hupitishwa mitaani juu ya magari bendi ikipiga, kisha hupigana katika ulingo uliosimamishwa nje, na baadhi yao, mashuhuri akiwa Edingwe, huleta uganga ulingoni: mkono mmoja unapunga, na mpinzani anaanguka pasipo kuguswa. Mtazamaji anayeuliza kama hilo nalo ni maigizo anajiingiza katika mjadala mrefu kuliko ule wa New Jersey.

Mfano wa karibu zaidi na Mlolongo, kwa maana ya barabara, ni Mukono nchini Uganda. Hapo, mwaka 2023, shabiki wa mieleka Daniel Bumba, ajulikanaye kwa lakabu ya Bumbash, alianzisha kundi la Soft Ground Wrestling. Ulingo wake ni nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini na kuzungushiwa kamba, na sakafu yake ni tope. Jina la kundi, lenye maana ya mieleka ya ardhi laini, linasema ukweli mtupu: ulingo wa mbao na vyuma una gharama, tope halina. Vijana wa kiume na wa kike huruka kutoka juu ya nguzo na kuangukiana ndani ya matope hayo. Waliokua wakitazama mieleka ya wengine wakajifunza kuanguka wenyewe, na Uganda ikapata majitu yake yanayozungumza.

Kiufundi, tope hubadilisha sanaa nzima. Halina mlio wa radi. Mwili ukitua husikika kama gunia la mihogo iliyoloweshwa. Kishindo sharti kitoke kwa hadhira iliyosimama pembeni, na kwa mtangazaji. Rangi za maleba nazo hupotea baada ya dakika chache, wote wakafanana, hivyo mpiganaji hulazimika kumfanya mtazamaji amtambue kwa mwendo na ishara za mwili peke yake. Mwalimu wa sanaa za maonyesho asingeweza kubuni zoezi gumu kuliko hilo.

Lakini wengi wanaowafahamu wapiganaji wa Mukono hawajawahi kukanyaga Mukono. Waliwafahamu kupitia video fupi fupi za mitandaoni, ambazo ndizo zilizolipa kundi hilo umaarufu nje ya Uganda. Katika kibanda cha video wapiganaji walikuwa kivuli na hadhira ilikuwa hai. Sasa wapiganaji wako hai, umbali wa safari moja ya lori, na sehemu kubwa ya hadhira ndiyo iliyogeuka kivuli. Barabara ni ile ile. Dereva anayeondoka Mlolongo na kupita Nakuru, Eldoret, Malaba na Jinja huupita Mukono kabla ya kufika Kampala. Shabiki wetu, kwa upande wake, huwatazama kwenye simu akiwa ndani ya matatu, chini ya nguzo za ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Mpiganaji anapopanda nguzo na kunyoosha mikono, shabiki huyo huinuka kidogo kitini, kisha hutazama huku na huku na kuketi tena.