Trafiki Wachache, Barabara Ndefu

Askari wa usalama barabarani, au trafiki kama wanavyoitwa Tanzania, wana kazi mbili zinazogombania watu walewale: kupunguza foleni mijini na kuzuia vifo. Asubuhi na jioni jijini Dar es Salaam, trafiki husimama kwenye makutano yenye taa na kuyaongoza magari kwa mkono. Wengine husindikiza misafara ya viongozi. Kazi hiyo ina umuhimu wake, lakini gari lililokwama kwenye foleni huua mara chache. Hatari kubwa iko kwingine: kwenye mteremko wa Kitonga, kwenye milima ya Mbeya, na kwenye barabara kuu zinazokatiza vijiji, ambako mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa na dereva mwenye haraka hataki kupunguza.

Tatizo linaanzia kwenye ikama. Wiki ina saa 168. Askari akifanya kazi saa 42, zamu ya usiku na mchana mahali pamoja inataka watu wanne ili mmoja tu awepo muda wote. Likizo, ugonjwa, mafunzo na siku za kutoa ushahidi mahakamani zikihesabiwa, wanakuwa watano. Kwa kuwa hakuna askari anayepaswa kusimamisha magari gizani peke yake, wanakuwa kumi. Hesabu hii imekuwa nzito zaidi tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Basi likiwa njiani saa nane za usiku, trafiki naye anatakiwa awepo saa hiyo.

Fedha za kuajiri hazipotei bure, na Uganda imekwisha kulionyesha hilo. Oktoba 2004 polisi wa huko walianzisha doria kwenye barabara kuu nne zinazoingia Kampala. Utafiti uliofuatilia mpango huo ulikuta kwamba doria ziligharimu wastani wa dola 72,000 kwa mwaka, na vifo barabarani vilipungua kwa asilimia 17. Kila kifo kilichoepushwa kiligharimu takribani dola 600. Kwa nchi yenye bajeti finyu, ni vigumu kupata matumizi yenye manufaa kuliko hayo.

Hata hivyo, idadi peke yake haitoshi. Trafiki anayesimama chini ya mti uleule kila siku hujulikana. Madereva hupigiana taa kuonyana, mwendo unashuka kwa muda mfupi, na wakishampita wanakanyaga mafuta tena. Doria inayohama mahali na saa humnyima dereva uhakika huo, na ndiyo maana gari la doria lenye mafuta ya kutosha lina thamani kuliko kizuizi cha kudumu. Tochi ya kupimia mwendo nayo ni ya lazima: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takribani asilimia 4. Kipima ulevi kinahitajika zaidi usiku na mwisho wa wiki.

Utaratibu wa kulipa faini kwa namba maalum ya malipo, bila fedha kupita mkononi mwa askari, ni hatua njema, ila haumalizi rushwa, kwa kuwa rushwa hutolewa kabla faini haijaandikwa. Kigezo cha kazi nacho kina uzito: trafiki wa kila mkoa wapimwe kwa kupungua kwa vifo na majeruhi. Wakipimwa kwa faini zilizokusanywa, watakwenda penye makosa mepesi na mengi.

Kinachosahaulika zaidi ni upelelezi wa ajali. Kupima alama za breki, kuchora eneo la tukio na kukagua mfumo wa breki ni ujuzi mahususi. Ripoti ikionyesha breki zilifeli, wakaguzi wa magari wana pa kuanzia. Ikionyesha kona haina alama, kazi inakwenda kwa wakala wa barabara, TANROADS. Ikiishia kwenye maneno “uzembe wa dereva”, hakuna anayejua cha kurekebisha. Ujuzi huo hujengwa kwa miaka na hupotea siku askari anapohamishiwa kitengo kingine, hivyo wapelelezi wa ajali wanastahili kubaki kikosini na kupandishwa vyeo humohumo.