Zimwi Linatoka Wapi? Giza, Mto na Msitu katika Masimulizi ya Kibombo

Kwetu Kibombo, jua likikaribia kuzama watoto huitwa kutoka mtoni kwa sentensi moja: "Rudi, mamba-muntu asikukute." Nilikua nikiisikia, na mimi mwenyewe nimewaambia wadogo zangu mara nyingi. Hata hivyo sijawahi kusikia watu wawili wakimweleza kiumbe huyo kwa namna moja. Kwa koko yangu alikuwa mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Kwa mjomba wangu alikuwa binadamu kama sisi mchana, mamba usiku. Kwa vijana wa stesheni alikuwa tajiri fulani aliyefanya mapatano na kitu kilichoko chini ya maji.

Miaka mitatu iliyopita neno hilo lilimfukuza mzee mmoja nyumbani kwake. Nitalieleza tukio hilo mwishoni, kwa sababu ndilo lililonifanya niyachukue masimulizi haya kama jambo la kuchunguzwa na si kama hadithi za kulalia. Swali langu ni hili: kwa nini mahali penye giza, palipo mbali na watu, huwa na viumbe vya kutisha? Jibu tulilolizoea ni kwamba giza huleta woga, na woga huzaa zimwi. Naona jibu hilo ni nusu tu. Giza humpa zimwi mwili na sauti. Lakini kazi ya zimwi, yaani kuchukua watu, aghalabu hutoka katika mambo yaliyotokea kweli.

Usiku wetu

Tuanze na mazingira. Kibombo iko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kilomita 100 hivi kusini mwa Kindu kwa njia ya reli. Katika latitudo hiyo usiku na mchana hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, na machweo ni mafupi sana. Mtu anayetoka shambani akiona njia vizuri anaweza kufika ukingoni mwa kijiji asiione tena. Hakuna muda mrefu wa nusu-mwanga wa kumzoesha macho.

Akishaacha kuona, anabaki na masikio, na msitu wa Maniema hauko kimya. Yupo perere, mnyama mdogo wa mitini mwenye uzito wa kilo chache tu, asiyemzidi sungura sana. Usiku hutoa mlio unaoanza taratibu, ukapanda hatua kwa hatua hadi ukawa kama kilio cha mtu anayenyongwa. Asiyemjua mwenye mlio huo hawezi kuamini kwamba unatoka kwa kiumbe kidogo namna hiyo. Kando ya mito yupo popo mkubwa kuliko popo wote wa bara la Afrika, ambaye mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita moja. Madume hukusanyika mitini karibu na maji na kupiga kelele kwa pamoja, kama honi, ili kuwaita majike. Uso wa dume umevimba na kurefuka hata wataalamu wa wanyama waliompa jina la Kilatini katika karne ya 19 walimwita *Hypsignathus monstrosus*. Neno la pili lina maana ya kitu cha kutisha. Watu wa sayansi nao, walipomwona, walifikiri kama mjomba wangu.

Kisha yupo mamba. Ukimmulika kwa tochi, macho yake hung'aa mekundu juu ya maji na mwili wake hauonekani. Huja bila kishindo, huvuta mara moja, na mara nyingi mwili wa aliyevutwa haupatikani. Hili ndilo la kuzingatia zaidi: mamba haachi ushahidi. Familia inabaki bila maiti, bila kaburi, bila shahidi. Mahali pa jibu panabaki wazi, na masimulizi huingia hapo.

Neno likibadili ngeli

Sisi wanafunzi wa lugha tuna kitu cha kuongeza ambacho mtaalamu wa wanyama hana. Tulitazame neno *zimwi*. Linahusiana na *mzimu* na *kuzimu*, na lina ndugu mbali na pwani: Wagikuyu wana *irimu*, Wazulu wana *izimu*, wote wakiwa majitu yanayokula watu. Shina ni moja, lakini kwa upande mmoja tunapata roho ya aliyekufa, ambaye bado ana jina na ukoo, na kwa upande mwingine tunapata jitu lisilo na ukoo wala huruma. Tofauti kubwa imo katika ngeli. Kwa lugha nyepesi, zimwi ni wa kwetu aliyesahauliwa jina. Methali yetu inaposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, inakumbuka undugu huo wa zamani.

Kuna pia desturi ya kutotaja. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki nyoka hatajwi usiku kwa jina lake. Huitwa kamba au unyasi. Desturi hii ina busara, lakini ina matokeo yake. Kitu kisichotajwa hakielezwi, na kisichoelezwa hukua. Mtoto anayeambiwa "usipite pale, kuna kitu" hujaza mwenyewe ukubwa wa kitu hicho.

*Mamba-muntu* nalo ni neno la kuangaliwa. Limeunganisha nomino mbili bila kiunganishi, na halisemi kama ni mamba aliye mtu, mtu aliye mamba, au viumbe viwili ndani ya kimoja. Ndiyo maana koko, mjomba na vijana wa stesheni wanaweza kulitumia neno lilelile kwa viumbe vitatu tofauti bila yeyote kukosea. Neno liko wazi pande zote mbili, na uwazi huo, tutakavyoona, una hatari yake.

Picha iliyofika kwa safari

Mtu anaweza kudhani kwamba kiumbe cha koko yangu, yule mwanamke wa majini, kilizaliwa hapa hapa kutokana na upweke wa Lualaba. Pwani ya Bahari ya Hindi yupo nguva, mnyama halisi wa baharini ambaye jina lake hupewa pia mwanamke-samaki wa hadithi. Katika Lualaba hakuna mnyama wa aina hiyo. Basi alitoka wapi?

Sehemu ya jibu inajulikana vizuri. Katika miaka ya 1880 ilichapishwa Hamburg, Ujerumani, picha ya rangi ya mwanamke mwenye nywele nyingi akicheza na nyoka. Picha hiyo ilifika Afrika Magharibi, ikaonekana kuwa sura ya Mami Wata, na mwaka 1955 ikachapishwa upya Bombay, nakala 12,000, kwa ajili ya soko hilo. Katika Kongo wachoraji wa mijini walimfanya Mamba Muntu kuwa mada waliyoipenda sana, na katika miaka ya 1970 picha zake zilitundikwa katika vyumba vya wageni vya wafanyakazi wa Lubumbashi na kwingineko. Kibombo tuko kwenye reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Watu, vitambaa, chumvi na picha vilipita hapa. Kwa hiyo hata kijiji kinachoonekana kimejitenga hakizui kila kitu chake chenyewe. Hupokea sura kutoka mbali na kuipa mto wake, saa yake na onyo lake.

Wale waliochukuliwa

Tumepata sauti, neno na sura. Bado hatujapata kazi ya zimwi. Kwa nini linachukua watu?

Historia ya mto huu inajibu bila kuficha. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kwenye Lualaba, kusini-mashariki mwetu, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. David Livingstone alikuwapo, akaandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Miaka mitano baadaye, Novemba 1876, Stanley aliondoka Nyangwe hiyohiyo pamoja na Tippu Tip na kuingia msituni. Kitabu alichokitoa mwaka 1878 kiliita bara letu bara la giza katika jina lake lenyewe. Giza analolitaja lilikuwa msitu ambao wenyeji waliujua njia kwa njia. Kwa wenyeji hao, la kutisha lilikuwa misafara.

Katika enzi ya Wabelgiji zikatokea hadithi za *mutumbula*, anayewanyakua watu usiku barabarani. Neno ni ndugu wa kitenzi chetu *tumbua*, yaani kupasua. Kiswahili cha pwani kimepoteza *l* ambayo lugha nyingi za Kibantu bado zinayo. Wengine walimwita *simba bulaya*, simba wa Ulaya. Upande wa magharibi wa nchi alikuwapo mzungu mwenye taa. Tazameni: huyu anatembea na mwanga. Si giza lililomtengeneza, ni hofu ya kuchukuliwa kazini na kutorudi.

Nimepata jambo kama hilo katika visiwa vya Karibi, ambako wazao wa watu waliovushwa bahari kwa nguvu, wakiwamo wengi waliotoka eneo la Kongo, wana viumbe vyao. Trinidad wana Mama D'Leau, mwanamke wa mtoni mwenye mwili wa nyoka. Wana pia La Diablesse, mrembo mwenye kwato katika mguu mmoja, anayewapoteza wanaume msituni. Watu wa Mombasa watamkumbuka jini wao mwenye kwato. Jamaika wana ndama wa usiku mwenye macho ya moto, anayeburuta mnyororo barabarani. Msitu hauna minyororo. Naona mnyororo ule umetoka katika mashamba ya miwa.

Mfano wa Zanzibar unanifanya niwe mwangalifu zaidi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Hakushambulia msituni, alishambulia watu vitandani, ndani ya nyumba. Watu walitoka kulala nje, pamoja, wakiota moto. Kama giza la pori pekee ndilo lingezaa zimwi, wangejifungia ndani. Walikimbia hali ya kuwa peke yao. Kwa hiyo nasema kwamba "upweke" wa mahali si umbali wa kilomita tu. Ni hali ya kupatwa na jambo bila mtu wa kukuona wala kukujibu.

Mzee wa kivukoni

Sasa nirudi nyumbani. Jioni moja kijana wa mtaa wetu alikwenda kutoa mitego ya samaki na hakurudi. Siku ya kwanza watu walisema: mamba. Siku ya tatu, mwili haujapatikana, walisema: mamba-muntu. Kufikia mwisho wa juma neno lilikuwa limegeuka upande wake wa pili. Kama ni mamba aliye mtu, basi mtu huyo ni nani? Wakamkumbuka mzee aliyekaa peke yake karibu na kivuko, mtengenezaji wa nyavu, asiye na mke wala watoto. Nyumba yake ilichomwa. Aliondoka usiku kwa miguu na hatujasikia habari zake. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja wa chuo, na sikusema neno.

Tusisahau kwamba historia ina pia watu waliojifanya wanyama. Huko Wamba na Beni, anyoto walivaa kama chui na kuua kwa makucha ya chuma, na serikali ya kikoloni iliwanyonga watu kadhaa kwa kosa hilo katika miaka ya 1930. Basi siwezi kusema kwamba kila hadithi ya mtu-mnyama ni ndoto. Ninachosema ni kwamba hadithi haiwezi kufanya kazi ya uchunguzi. Pale kivukoni hapakuwa na ushahidi wowote dhidi ya mzee yule, ila ukaaji wake peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tunaokusanya masimulizi ya vijijini tusiishie kuandika sura ya kiumbe. Tuulize kilionekana wapi hasa, saa ngapi, msimu gani, na nani alitoweka hapo kabla ya hadithi kuanza. Nilipofanya hivyo kwa mamba-muntu wa kwetu, wazee watano walinitajia sehemu mbili tu za mto. Zote mbili zina maji yenye kina karibu na ukingo, ndipo wanawake wanapoloweka muhogo, na zote zimewahi kuchukua watu. Koko alikuwa akinipa ramani ya hatari tangu nikiwa mtoto, nami nilidhani ananitisha tu.

Ramani hiyo inaweza kutumika. Ua wa miti uliochimbiwa majini pale watu wanapochota, taa moja ya sola kivukoni, na desturi ya kutokwenda kutoa mitego peke yako vingetosha kupunguza mengi. Na siku mtu mwingine asiporudi, Mungu apishe mbali, angalau mmoja wetu asimame na kuuliza kuhusu mto kabla watu hawajauliza kuhusu jirani.