Miwani Ikishindwa, Jicho Bado Lina Tumaini

Yuko mtoto anayekunja uso kila asomapo ubaoni, husoma 8 akidhani ni 3, na taa usiku huiona ina mikia. Wazazi humnunulia miwani ya sokoni, haimsaidii, kisha husema ni mvivu wa shule. Miwani ile ni ya kusomea watu wazima; haikutengenezwa kwa shida yake.

Shida ni nini?
Mbele ya jicho ipo konea, sehemu angavu mfano wa kioo cha saa. Hupaswa kuwa mviringo kama mpira. Ikipinda kama yai, mwanga haukutani mahali pamoja na picha huwa na ukungu. Hiyo ndiyo astigimatizimu. Wengi huzaliwa nayo. Wengine huachiwa na kovu la kidonda cha jicho, au konea huwa nyembamba na kuchongoka kama pia. Ugonjwa huu huanza mara nyingi wakati wa ujana, na kufikicha macho huuzidisha. Hivyo vumbi la kiangazi, Katesh hata Basotu, likimwasha mtoto, asifikiche. Aoshe uso kwa maji safi, na mwasho usipokoma apelekwe hospitali.

Tiba yake
Kwanza ni miwani iliyopimwa. Mtoto aipate mapema, maana jicho lisiloona vizuri utotoni hubaki vivu hata likipewa miwani ukubwani.

Konea ikiwa na mabonde na makovu, miwani haitoshi. Hapo hutumika lenzi ngumu, kipande kidogo cha plastiki kinachovaliwa juu ya konea. Machozi hujaza mabonde chini yake, kama lipu inavyosawazisha ukuta wa tofali. Lenzi laini hufuata umbo la jicho, kwa hiyo mabonde hubaki. Lakini lenzi ngumu haiponyi ugonjwa. Ukiivua, ukungu hurudi.

Masharti
• Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe, kabla ya kuigusa.
• Isafishe kwa dawa yake tu. Maji ya kisima, ya bomba na mate yana vijidudu viwezavyo kupofusha.
• Usilale nayo, wala usiivae penye vumbi au moshi wa jikoni.
• Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, ivue na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya kienyeji.

Nyumba isiyoweza kutimiza masharti haya ni afadhali ingoje. Jicho lenye ukungu ni bora kuliko jicho lililooza.

Wapi pa kwenda?
Anzia hospitali ya karibu, kama Haydom au Dareda, uombe ushauri na barua ya rufaa. KCMC, Moshi, ina idara kubwa ya macho. Kabla ya kukubali lenzi, uliza bei yake, bei ya dawa ya kusafishia, na safari za kurudi kupimwa.

Mzazi, kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kushindwa kusoma, mfunike jicho moja moja na umwombe asome kalenda ya ukutani. Ukiona tofauti, usingoje mavuno.